Msivute Mashua Ukutani

Siku mliyoniaga mlitaka niseme maneno mawili matatu, nikasema asante nikakaa. Wengine mlidhani nimezidiwa na machozi. Hapana. Nilikuwa na hasira, na meneja alikuwa amekaa mstari wa mbele anakula keki yangu. Sasa niko nyumbani Kitahana, maharage yameshavunwa, na mke wangu amechoka kunisikia nikilalamika jikoni kwake. Kaniambia, kama una la kusema, waandikie wanaohusika. Basi nawaandikia nyinyi mnaofunga na kufungua kamba pale gatini, hasa wale ambao hawajawahi kuuona upepo wa kutoka Kongo ukiingia ghubani mchana wa jua kali.

Ya vyeo nayaacha. Cheo changu kikubwa kilikuwa kupewa filimbi, na filimbi yenyewe ilikuwa na ufa.

Mimi ni mtu wa milimani, mnajua. Ziwa Tanganyika nililiona nikiwa nimeshaota ndevu, nilipotoka Kibondo nikapita Kasulu nikateremka mpaka Kigoma kutafuta kazi yoyote isiyo ya jembe. Kampuni ilikuwa imejenga gati lake dogo kwenye ghuba, mbali kidogo na mji, kwa ajili ya yoti za wageni na za watu wa mashirika wanaopenda kupumzika juu ya maji. Walinichukua kwa sababu ya mabega. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuogelea, na mimi sikuwaambia.

Kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kufunga yoti ndogo nyeupe iliyokuwa imerudi kutoka matembezini. Nikaifunga kwa uwezo wangu wote. Kamba fupi mbele, kamba fupi nyuma, mafundo mawili mawili, ubavu umebanwa kwenye ukuta hata kiganja hakipiti. Nikasimama pembeni nikajisifu kimoyomoyo. Akaja Papa Kalonda, Mkongo mfupi mwenye mikono mikubwa, ndiye aliyekuwa mkuu wa kamba wakati ule. Akaitazama kazi yangu kwa muda mrefu.

"Weye, mutoto ya milima," akasema. "Hii chombo ulifunga sawa ngombe."

Nikamwambia kwetu ng'ombe aliyefungwa hivyo haibiwi.

"Ngombe iko inasimama kwa udongo. Hii iko inasimama kwa maji, na maji haisimamake. Kamba inapashwa kuwa na nafasi ya kupanda na kushuka. Fungula yote, anza tena."

Nilifungua yote, nikaanza tena. Wenzangu walicheka mpaka jioni, nao wengi wao walikuwa wa Kasulu na Kibondo kama mimi, na wote walikuwa wamefanya vile vile siku yao ya kwanza. Sisi tumelelewa hivyo. Wingu likitanda juu ya kilima, unakimbia kuwaleta mbuzi chini ya paa, unamfunga ng'ombe karibu na ukuta wa nyumba, unaingiza kuni, kisha unalala usingizi. Kitu cha thamani kinavutwa nyumbani. Mtu anayeacha mali yake nje kwenye dhoruba anaonekana mzembe, na majirani watamsema.

Ubaya wa ziwa ni kwamba linakuacha ukosee kwa muda mrefu. Maji yake hayapwi wala hayajai kama ya bahari. Mashua iliyofungwa kama ng'ombe inaweza kukaa ukutani wiki nyingi, imetulia, inapendeza, wageni wanapiga nayo picha. Halafu siku moja ng'ambo ya Kongo inapotea machoni, maji yanabadilika rangi, na unagundua kwamba wiki zote hizo ulikuwa unasubiri tu ivunjike.

Papa Kalonda alinifundisha kwa kunisimamisha juu ya ukuta upepo ukivuma, akinishika mkanda wa suruali nisianguke. Alitaka nione mawimbi yanavyorudi. Wimbi linapiga ukuta, linageuka, linakutana na mwenzake anayekuja, na hapo katikati maji yanaruka juu kama yanachemka. Ndipo mashua ilipo. Inapanda, inashuka, inavutwa, inatupwa. Kamba ikiwa fupi inakatika au inang'oa chuma ilichofungiwa. Matairi mliyoning'iniza yanachomoka mara moja, na baada ya hapo ni ubavu wa faiba kwa jiwe. Kama yoti mbili zimefungwa sambamba, milingoti inagongana huko juu na vyuma vinakuangukia kichwani wakati wewe unatazama chini.

"Mur haina rafiki," alikuwa akisema, akipiga ukuta kwa kisigino. "Mi nilivunja bato moja, mashua ya baba yangu, kwa mur ya kwetu. Niliona na macho yangu mwenyewe. Sitaki kuona ya pili."

Aliona ya pili, na ya tatu pia, lakini hazikuwa zake.

Dawa aliyonipa ilikuwa rahisi na sijapata bora kuliko hiyo. Anga ikibadilika, toa mashua ukutani mapema, zipeleke kwenye maboya katikati ya ghuba, zifunge kwa mdomo, yaani ncha ya mbele, ili zigeuke na upepo zenyewe. Boya limefungwa kwa mnyororo, mnyororo umefungwa kwenye bonge la zege chini ya maji. Kama huna boya unaloliamini, tupa nanga mbili upande wa maji, rudisha kamba ndefu ukutani, na uache mashua ielee mbali. Kama umeshachelewa, iache ivunjike. Hilo la mwisho alilisema kila siku, na alilisema akinitazama miguu. Hakuna mwanamume anayezuia yoti kwa mguu. Ina uzito wa lori, na wimbi halijui kwamba wewe una familia.

Papa Kalonda alipozeeka alirudi kwao ng'ambo, nami nikapewa ile filimbi ya mkuu wa kamba.

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda. Kisha minyororo ya maboya ikaanza kuliwa na kutu. Nilipiga mbizi mwenyewe, maana wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kuogelea, nikaona vipete vimebaki vyembamba, vingine unaweza kuvikunja kwa mkono. Nikaomba minyororo mipya. Mwaka ule kampuni ikaleta mapazia mapya ya mgahawa. Nikaomba tena. Wakapaka rangi ofisi. Mara ya tatu nilimwendea meneja na kipande cha mnyororo mkononi, nikakiweka mezani kwake, akaniambia ninachafua meza.

Meneja wetu mnamjua. Ni Bwana Gwimo, mtu wa Kasulu, na sitasema kwamba ni mjinga kwa sababu siyo. Alikuwa na hofu yake na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Msimu mmoja boya moja lilikatika, yoti ikaenda na upepo, ikapatikana baada ya siku kadhaa upande wa pili ikiwa haina injini, haina tanga, na hata mito ya kukalia ilikuwa imeondoka. Mwenye yoti alimfokea mbele yetu sote. Tangu siku ile Bwana Gwimo hakutaka tena kuona mashua ikilala mbali na macho yake. Badala ya kununua minyororo, akatafuta faraja kwenye ukuta.

Sasa nifike kwa Festo, maana ndiye aliyenifanya nikae chini kuandika.

Festo ni mtu wa Mabamba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye na mdogo wake Elia wamezaliwa huku na ni raia kama mimi. Alikuja gatini akiwa tayari ana mke na watoto, mpole, hodari wa kamba, na ndiye mtu pekee niliyewahi kufanya naye kazi ambaye hakufunga kama ng'ombe siku ya kwanza. Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema hajajifunza popote, ameniangalia tu.

Siku ile ilikuwa mchana, tumetoka kula. Nikaangalia ng'ambo, sikuona milima. Nikapuliza filimbi. Kulikuwa na yoti kubwa ya bluu ukutani, ya mgeni mmoja aliyekuwa anakaa kwenye nyumba ya juu ya gati. Nikawaambia vijana tuitoe, tuweke nanga mbili, kwa sababu boya silitaki. Tulikuwa tumeshalegeza kamba ya mbele Bwana Gwimo alipotoka mbio.

"Zebedayo! Unaipeleka wapi?"

"Nje, bosi. Upepo huo."

"Ivuteni hapa. Ibaneni ukutani, ongezeni kamba."

"Bosi, ukutani itavunjika."

"Mvua ikija wewe unaacha ng'ombe wako porini?" akaniuliza, na aliuliza kwa dhati, kama mtu anayemuuliza ndugu yake. "Kitu cha mtu kinakaa karibu na nyumba. Kikienda Kongo hiki, nani atajibu?"

Nikabishana naye. Tulibishana mpaka matone ya kwanza yakatupiga, na kufikia hapo hapakuwa na cha kubishania tena, upepo ulikuwa umeshaamua. Yoti ikaanza kupanda na kushuka. Tairi la katikati likachomoka, likaruka juu ya ukuta kama mpira. Ubavu ukagonga jiwe, na mlio ule sijausahau.

Mimi nilikuwa mwisho wa gati na kamba ya nyuma. Bwana Gwimo alikuwa juu ya ngazi ya chuma, ile iliyochimbiwa ukutani. Nilimsikia vizuri kwa sababu upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu. Alisema, "Festo, shuka urudishe hilo tairi!" Festo alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nikapiga kelele apande, aache, lakini upepo ulirudisha sauti yangu mdomoni. Akashuka na tairi begani. Yoti ilipokuja akanyoosha mguu kuisukuma, kwa sababu mwili wa mtu hufanya hivyo wenyewe, hata ukifundishwa miaka kumi.

Tulimtoa hai. Mguu wa kulia walimkatia hospitali, juu ya goti. Yoti ya bluu ilizama pale pale, mlingoti ukaegemea ukuta kwa majuma mengi kabla hawajapata mtu wa kuiondoa.

Kikafanyika kikao. Walikuja wakubwa wawili kutoka makao makuu, wamevaa viatu visivyofaa gatini. Wakauliza nini kilitokea. Nikasimama nikasema: Festo alitumwa. Nikasema nani alimtuma na kwa maneno gani. Bwana Gwimo akasema kwa upole kwamba Mzee Zebedayo ana uchungu na anaeleweka, lakini Festo mwenyewe, akiwa kitandani, amesema alishuka kwa hiari yake. Mkubwa mmoja akaongeza kwamba watu wengine wamezoea kujiendea tu, hata kwao kwenyewe hapajulikani ni wapi. Aliyasema hayo juu ya mtu ambaye damu yake ilikuwa bado haijaisha kwenye ngazi. Ikaamuliwa kwamba ni uzembe wa mfanyakazi.

Niliamini Bwana Gwimo amedanganya. Niliamini hivyo kwa miaka yote iliyobaki. Na nyinyi wengine mliamini kwamba mwongo ni mimi, mzee anayetaka kumwangusha ndugu yake wa milimani. Niliyasikia. Gati ni dogo na maneno husafiri juu ya maji. Nilikula peke yangu muda mrefu, na nilikuwa nakula kwa uchungu.

Haukupita muda kampuni ikamwajiri Elia, mdogo wake Festo, kwenye nafasi ile ile. Nikasema afadhali, hata hawa wana chembe ya huruma. Nikamfundisha Elia kila nilichopewa na Papa Kalonda, na la miguu nikalirudia mpaka akawa ananimalizia sentensi.

Baada ya kustaafu, nilikwenda Mabamba kumsalimia Festo. Nilipanda pikipiki kutoka Kibondo, jua lilikuwa linawaka vizuri na watu walikuwa wameanika maharage. Nilimkuta mbele ya kibanda chake, anauza chumvi na sabuni kwa wanaokwenda na kutoka mpakani, magongo yameegemezwa mlangoni. Mkewe alikuwa chini anapukuchua mahindi.

"Mwakeye, mutama," akanisalimu kama wanavyosalimiwa wazee kwetu. "Karibu ukae. Kigoda hicho hapo."

Tukazungumza habari za mazao na za watoto. Kisha akaanza kupanga upya vipande vya sabuni vilivyokuwa tayari vimepangwa.

"Niliambiwa ulinitetea kwenye kile kikao."

"Nilisema nilichosikia."

"Ego," akakubali. "Na mimi nilisema kinyume."

Sikumwelewa. Akaendelea bila kuniangalia.

"Bosi alikuja hospitali. Akaniambia, Festo, ukisema ulitumwa, mimi naondolewa, na mtu mwingine atakuja ambaye hawajui watu wa Mabamba. Ukisema ulishuka mwenyewe, nafasi yako anachukua mdogo wako. Nikaangalia shuka pale ambapo mguu haupo. Mutama, mguu ulikuwa umeshakwenda. Elia alikuwa hapa nyumbani, hana kazi, na watoto wangu wanamtazama yeye. Nikasema nilishuka mwenyewe."

Nilikasirika. Sitaki kuwaandikia kwamba nilimwelewa na nikamkumbatia. Nilimkasirikia mtu mwenye mguu mmoja mbele ya mke wake. Nikamwambia nimeitwa mwongo miaka yote hii kwa ajili yake. Akasema anajua. Nikamuuliza Elia je, anajua? Akasema Elia anadhani kaka yake alimwombea nafasi, basi.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo, hatutazamani, simu yake ilipolia. Alikuwa Elia. Festo akaweka sauti ya juu, maana mkono mmoja alikuwa ameshika chumvi ya mteja. Upepo niliusikia kabla ya maneno.

"Kaka, huku kumechafuka. Kongo haionekani. Bosi anasema tuvute yoti zote ukutani, ile mpya kubwa iwe ya kwanza."

"Mnyororo wa boya?" nikauliza.

"Shikamoo mzee. Ni ule ule."

Festo akaweka chumvi chini. "Uko wapi wewe?"

"Juu ya ukuta, karibu na ngazi. Ananituma nishuke nikafunge matairi, yameanza kuchomoka."

Mkewe Festo aliacha kupukuchua. Yule mteja, mama wa makamo niliyekuwa simjui, naye alisimama tu na kikapu chake.

"Usishuke," akasema Festo.

"Nitafukuzwa, kaka. Si unajua watu wanaosubiri nafasi hii? Na wewe ndiye uliyeniombea."

"Sikukuombea. Nisikilize, mwene mama, ndugu yangu. Nilisema uongo ili uipate. Sikushuka mwenyewe. Nilitumwa, kama unavyotumwa wewe sasa, na aliyenituma ni huyo huyo. Mzee Zebedayo alisema kweli mbele yao, mimi ndiye niliyemfanya mwongo. Mwambie bosi hivyo. Mwambie Festo amesema alitumwa. Sema kwa sauti, wenzako wasikie."

Upepo ukapiga kwenye simu kwa nguvu. Nilidhani imekatika.

"Ego, kaka," akasema Elia, na hapo ikakatika kweli.

Tulisubiri. Festo alijaribu kupiga, haikupatikana. Mama yule hakuondoka. Pale Mabamba hapakuwa na wingu hata moja, maharage yalikuwa yanakauka juu ya turubai, na sisi tulikuwa tumekodolea macho simu iliyolala kati ya vipande vya sabuni. Elia alipopiga tena alikuwa anatweta. Alisema hakushuka. Alisema aliyasema yale maneno kwa sauti, na baada ya hapo hakuna mwingine aliyekubali kushuka. Yoti kubwa imepasuka ubavu na imelala chini ya ngazi. Bosi amekaa kwenye ngazi za mgahawa.

Nyinyi mlikuwepo, hilo mnalijua kuliko mimi. Mnajua pia kwamba kabla ya wiki kuisha Elia alifukuzwa kwa kukaidi amri, na kwamba hakuna aliyerudi kwenye kile kikao cha zamani kufuta neno uzembe lililo juu ya jina la Festo. Bwana Gwimo bado yupo. Nimesikia wanajenga ukuta mrefu zaidi, wa zege, wenye pete kubwa za chuma za kufungia, na kwamba minyororo haimo kwenye mipango. Wajenge. Wataweka na mapazia.

Lakini siku ile mlisimama juu, wote, mkaiacha ikavunjika. Sikuwahi kuliona hilo kwa miaka yangu yote pale, na mlilifanya mimi nikiwa nimeshaondoka. Lishikeni hilo. Anga ikibadilika toeni mashua mapema, na mkikatazwa kuzitoa, kaeni juu. Mtu atawauliza kwa upole kama mnaacha ng'ombe wenu porini. Msimjibu.

Elia amekuja hapa Kitahana juzi kuniuliza kama najua mahali popote penye kazi. Sijui. Kazi ninayoijua mimi ni ile moja tu. Alikuwa ameteremkia barabarani kwa sababu nauli ya pikipiki hana, na njia ya kuja kwangu ni kilima kitupu. Nilisimama uani nikamtazama akikipanda, haraka haraka, kwa miguu yote miwili. Nikamwambia mke wangu aongeze unga kwenye sufuria.